Kuonja na Kutema

Walisema: tumekupunguza.
Chumvi hupunguzwa. Nywele hupunguzwa. Suruali ya marehemu
hupunguzwa ikamtosha mwanawe.
Mimi nilipunguzwa Jumanne, saa nne kasorobo,
kijiko bado mkononi, vikombe sabini na viwili mezani,
nimefika cha arubaini.

Miaka sita Shimanzi, ghorofa ya pili juu ya ghala,
nimefyonza chai kwa mluzi, nikaizungusha kinywani,
nikaitema, nikatamka: hii imeungua.
Hii ilichumwa mvua ikinyesha.
Miaka sita sikula pilipili, sikugusa kitunguu kibichi,
sikujipaka hata marashi, maana ulimi haukuwa wangu,
ulikuwa wa kampuni.

Na kibali pia, kumbe.
Nami nilikuwa nikikiita kibali changu.
Bi Mwashigadi wa Uhamiaji alikigeuza chini ya taa,
akanionyesha kwa ncha ya kalamu: jina langu, Afua Shemzigwa,
na chini yake, kwa herufi nene, jina lao.
"Hiki ni chao, dada. Wewe umeandikwa tu ndani yake."
Kama chapa ubavuni mwa gunia:
shamba, daraja, namba ya loti.
Gunia halijiuzi.

Nimetoka Korogwe. Si mbali.
Bibi mzaa mama alizaliwa Vanga, akazikwa Moa,
na hakuna aliyemuuliza amevuka nini.
Mimi naulizwa kwa Kiswahili, najibu kwa Kiswahili,
kisha naambiwa: wageni, dirisha la tatu.

Mwajiri mpya yupo. Bwana Rughani wa Changamwe,
anachanganya majani na tangawizi, anayafunga
katika vipakti vya shilingi kumi. Ananitaka.
"Leta kibali chenye jina letu," anasema, "kesho uanze."
Uhamiaji wanasema, leta kwanza mkataba uliotiwa sahihi.
Kampuni ya zamani inasema barua ya kukuachilia
hutiwa sahihi na mkurugenzi, na mkurugenzi
yuko safarini, na anayejua atarudi lini
naye alipunguzwa Jumanne.

Ngazi zile nimezipanda mara tano.
Najua feni ipi haizunguki. Namjua kunguru
anayesubiri makombo ya mahamri ya karani.
Nimepiga picha nane za pasipoti,
na ile ya mwisho haifanani na ile ya kwanza.

Mama huniambia kwa simu: afua ni mbili, mwanangu,
kufa na kupona. Ndivyo alivyonipa jina.
Hakunitajia ya tatu:
ombi lako linashughulikiwa.

Alhamisi, nikipita Makadara, nilinunua viazi karai.
Nikamwambia muuzaji atie ukwaju, atie pilipili,
aongeze, aongeze tena.
Machozi yakanitoka mbele ya watu.
Ni pilipili, nikasema,
na nusu yake ilikuwa pilipili kweli.

Usiku Bi Tima, mwenye nyumba, hakuulizia kodi.
Alileta chai. Niliijua kabla haijavuka kizingiti:
vumbi, daraja la chini kabisa, imechemshwa mara mbili,
maziwa yameshika sufuria,
iliki tele ya kufichia kosa.
Nikaifyonza kwa mluzi, ni mazoea. Nikaizungusha.
Nikatafuta pa kutema.
Bi Tima ananitazama.

Nikameza.

"Vipi?"
Inanuka moshi kidogo, nikasema.
Akacheka hadi akashika mlango. "Moshi ni leso yangu,
natoka kufukiza udi. Lete kikombe."