Mbwa Kumi na Wawili

Mahakama imeniita kwa karatasi yenye muhuri,
mimi Ntakwinja, fundi wa kuchomelea vyuma, Kadutu,
nyuma ya soko, pale umeme hukatika
kabla chuma hakijashikana na chuma.

Niliinua mkono kuapa. Kiganja kilikuwa cheusi.
Alfajiri nilikisugua kwa sabuni na majivu,
lakini grisi haitoki kwa ajili ya hakimu.

Mtume Lwaboshi wa Kanisa la Mlango Mwembamba
aliingia na suti rangi ya maziwa,
akatafuta kiti chenye mgongo. Hakikuwepo.
Akaketi kwenye benchi ambalo jana aliketi mwizi wa mbuzi.
"Jina?" aliuliza hakimu, mama mfupi mwenye kikohozi.
"Mtume."
"Hiyo ni kazi. Nimeuliza jina."
Ukumbi mzima tulisikia mvua ikianza juu ya mabati.
"Deogratias," akasema, polepole,
kama mtu anayevua kiatu mbele ya wageni.

Nje waumini waliimba. Mmoja alipiga dirisha kwa kofi:
Msimguse mpakwa mafuta wa Bwana!
Nikatazama mikono yangu.
Na mimi nimepakwa mafuta, mwaka wa kumi na tisa huu,
wala hakuna aliyewahi kuogopa kunigusa.

Avoka wake alisimama, sauti imepigwa pasi kama kola.
Mtume huomba tu, alisema. Mtume hafungi mtu.
Waliofunga ni walinzi, nao wamevuka Ruzizi usiku;
na wagonjwa waliletwa na ndugu zao,
wakapanda mlima kwa miguu yao wenyewe
kutolewa pepo.

Kwa miguu yao.
Ndiyo. Upana wake nilipewa kwenye kipande cha kamba.

Prokireri akainua kikaratasi: huu ni mwandiko wako?
Ni wangu.
"Pingu za mbwa, 12. Dola sitini. Zimelipwa."
Chini, kwa wino wa bluu, sahihi ya Deogratias,
na juu ya sahihi, muhuri wa kanisa: njiwa na mlango.

Mzigo nilipeleka mwenyewe, matope hadi magotini, kule juu Ciriri.
Sikusikia hata mbwa mmoja akibweka.
Nilisikia mtu anahesabu nyuma ya ukuta,
moja mpaka saba,
moja mpaka saba.
Niliikagua noti pembe zote nne, isije ikawa na mchaniko.
Nyumba sikuikagua.

Hapo M'Cibalonza akainuka kutoka nyuma,
dada wa yule aliyekuwa akihesabu.
Hakulia. Alitaka karani afute.
"Mmeandika 'marehemu wa nne'. Andikeni Zihindula,
mwalimu wa hesabu, darasa la tatu, Bagira."
Karani alitazama hakimu, hakimu akaitika kwa kichwa,
na kalamu ikakwaruza tukiisikia sote,
hata Deogratias, ambaye kwa mara ya kwanza
aliacha kutazama dirisha.

Hukumu bado. Wametaja tarehe nyingine.
Huenda atalala gerezani, huenda kanisa litauza gari lake,
huenda simu itapigwa kutoka Kinshasa na faili ipotee,
mimi sijui, mimi najua kuchomelea.
Na jina langu nalo limo kwenye daftari lile;
upande gani, hawajaniambia,
nami sijathubutu kuuliza.

Leo kijana amekuja karakana. Anataka komeo,
zito, la kufungia kwa nje.
Nimezima mashine. Nimevua miwani nyeusi.
"Ndani atakaa nani?"
Amecheka. Kuku, mzee, kuku tu.

Nimeshusha mlango, nimechukua mwavuli.
Haya, tangulia, nimemwambia.
Twende nikawaone hao kuku.