Chungu Kimoja

Chengo wa Kongowea aliniapia kwa Mungu na kwa mamake:
huyu dume, huyu jike, we chukua tu.
Nikawabeba kambare pua-miba wawili
ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba,
wadogo kama kokwa za tende.

Hapa Tudor maji ya kisima ni chumvi tupu.
Yanakula sufuria, yatashindwa na samaki?
Basi nanunua ya mkokoteni, madumu matatu kila Ijumaa,
nayalaza beseni usiku kucha yatoke harufu ya dawa,
na Twalibu ndugu yangu huuliza kutoka kochini:
sisi twaoga ya chumvi, wao ya kununua?

Twalibu alikuja kwa wiki mbili,
na begi moja, na feni yake mwenyewe.
Huu ni mwezi wa saba.

Mchana huwaoni. Wamejibana chini ya gogo
na deraya zao mgongoni.
Usiku hulamba kioo,
nyuma yao njia safi katikati ya ukijani,
kama mtoto aliyepitisha kidole dirisha lenye vumbi.
Nawazamishia kipande cha tango kilichofungwa kijikoni;
asubuhi imebaki pete ya ganda.

Siku moja huyu akaota miba puani.
Nikafurahi: dume.
Baada ya mwezi na yule akaota.
Nyumba ya kambare, wasema,
baba ndevu, mama ndevu, mtoto ndevu.
Nilidhani ni kejeli ya adabu.
Kumbe ni habari ya chungu.

Maana chungu ni kimoja,
cha marehemu mama, kimemeguka mdomo,
alichokuwa akipikia samaki wa kupaka.
Nilikilaza ubavu mchangani kikawa pango.
Anayelala ndani ndiye mwenye nyumba.

Juzi stima ikakatika, pampu ikanyamaza,
nikasikia tak. Tak.
Udongo, kioo, udongo.
Nikawasha tochi ya simu:
mmoja amefyatua miba ya mashavu,
mwenziwe mkia umechanika
kama leso iliyonasa msumarini,
na huyo aliyechanika ndiye bado anasogea mbele.

Twalibu alikuwa nyuma yangu, kikoi kiunoni,
ndevu zimemjaa hata zimepita za baba.
"Mtoe yule mdogo," akasema.
Mdogo ni yeye.
Tukakaa kimya gizani, sote wawili tukijifanya
tunawaangalia samaki.

Asubuhi nikanunua chungu cha pili,
nikakilaza pembe ya mbali,
jiwe katikati wasionane.
Kisha nikalivuta kabati la nguo
hadi kati ya chumba,
upande wa dirisha nikamwachia yeye na feni yake.
Hakuuliza.

Ijumaa hii dumu moja amelilipia yeye.
Akalimimina mwenyewe, polepole,
kwa kando ya kioo,
wasishtuke.