Kundi la Wasiopo

Saa mbili na robo, simu kutoka Kizota:
"Mbukwenyi. Foibe hapa, wa mizani.
Mfumo umenigomea."
Umesemaje?
"Umesema sina ruhusa."
Basi?
"Basi. Na namba ndefu nyekundu chini, nikusomee?"

Nisomee, mama. Nikaiandika mgongoni mwa risiti ya chapati.
Ila namba zile hazina msaada,
ni mlinzi wa geti anayekutajia namba ya kitambulisho chake
badala ya kukueleza kwa nini hupiti.

Kuingia anaingia. Jina linakubali, nenosiri linakubali,
anayaona magunia yote ya mtama wa Bahi,
mia nne na kumi na mawili, kilo kwa kilo,
anayaona majina ya wenye mtama
waliolala nje ya ukuta na maturubai yao.
Kitufe cha kuidhinisha malipo ndicho kimepauka,
kijivu kama tope la Bahi likikauka.
Anabofya. Hodi.
Anabofya. Hodi.
Nyumba ina taa, redio inasikika,
na hakuna wa kusema karibu.

Nilianza palipo rahisi, kama fundi yeyote mvivu:
toka, ingia tena. Zima, washa.
Jaribu kompyuta ya Yaledi.
Kijivu vilevile.
Yaledi akasema, si utumie jina langu tu, mama, tumalize?
Nikasikia kimya cha Foibe kikimtazama.
"Mimi nikisaini," akasema, "nasaini Foibe."

Nikafungua orodha ya majukumu.
Mpima mizani: ndiye.
Mwidhinishaji, ghala la Kizota: ndiye.
Kikomo cha fedha kinatosha. Tarehe ya ukomo haijawekwa.
Ndiyo nne,
na jibu bado hapana.

Njia ya mkato ipo, kila fundi anaijua:
mpe funguo zote, awe mkuu wa mfumo kwa dakika kumi,
alipe, kisha umvue.
Dakika kumi hizo nimeziona zikitimiza mwaka wa tatu
kwenye akaunti ya mtu aliyekwishahamia Singida.

Saa nne. Upepo unapiga vumbi dirishani, chai imepoa.
Nikashuka hadi kwenye makundi,
chini kabisa, tusikopenda kwenda,
na huko, kati ya dereva aliyestaafu na mlinzi aliyefukuzwa,
Foibe Ndahani.
Kundi la Wasiopo.

Sheria yake ni moja:
idhini mia hazilishindi katazo moja.

Nani alimweka? Daftari la mfumo halisahau.
Tarehe kumi na tisa Machi, saa kumi na moja jioni,
kwa jina langu.

Ilikuwa Ijumaa. Barua ya likizo ya msiba iko mezani,
mwanawe, Nyemo, alikuwa darasa la tano.
Nikaweka tiki, nikafunga ofisi,
nikapita barabarani kununua zabibu.
Arobaini ikaisha, akarudi kazini.
Hakuna aliyeniandikia kwamba mama yule yupo,
nami sikuuliza.
Tangu Mei anapima tu, na kupima hakuzuiwi.
Leo msimu wa malipo umefunguliwa.

"Foibe," nikasema, "ni mimi."
"Ni wewe nini?"
Nikaitoa tiki. Mlio mdogo wa kipanya, basi.
Toka, halafu ingia tena.
Nikamsikia akiandika, herufi kwa herufi, bila haraka,
kisha sauti yake ikageukia upande wa mlango:
"Mzee Chilewa! Magunia tisa! Njoo na kitambulisho!"
Akakata simu bila kuaga.

Majina thelathini na moja yamebaki kundini.
Nimeinywa chai hivyohivyo, baridi.
Naanza na dereva.
Simu yake inaita.