Sikio la Ndahani

Mchanga wa Mto Bubu ndio uliomfunza:
mgongo ukigusa chini, mchezo umekwisha,
mnafutana vumbi, mnarudi kwa ng'ombe.

Kibaigwa akabeba lumbesa za mahindi,
shingo ikawa kinu.
Kisha wakamwita Dodoma mjini, kizimbani.
Huko mgongo ukigusa chini
ndipo ngumi zinapoanza.

Mapambano kumi na moja. Alishinda saba;
la nne ndilo bati hili juu yetu.
Sikio la kushoto limejikunja kama uyoga,
nikimwita upande huo haitiki.

Jana, uani Nkuhungu, Nyemo wetu kamwangusha.
Kalala chali, anacheka,
mikono yote miwili usoni,
anakinga.

Mtoto keshainuka zamani.
Anangoja kufutwa vumbi.