Pua Yangu, Ulimi Wake

Glenys amebisha hodi saa nane mchana,
kofia imelowa, chupa nne kwenye mfuko wa nguo.
"Zuwena, wewe wajua viungo. Nisaidie."
Kesho kutwa Krismasi, na leo jioni mtaa mzima
utamiminika sebuleni kwake kama kila mwaka,
ila mwaka huu Emrys hayupo wa kushika mwiko.

Nikamwambia: jirani, mimi mvinyo siunywi.
Akasema: nami kuupika sijui.
Tukatazamana, vilema wawili wa jiko moja,
tukacheka.

Karatasi ya marehemu ipo ubavuni mwa friji,
ina doa la damu ya mzee katikati.
Machungwa mawili. Mdalasini, vijiti vitatu.
Asali, kisha neno lililoliwa na unyevu.
Karafuu, kisha tarakimu: ni moja, au ni saba,
au moja iliyofutwa ikaandikwa saba?
Mwandiko wa haraka,
wa mtu aliyedhani atakuwepo aulizwe.

Nikafungua kichupa cha karafuu, cha dukani,
gramu ishirini kwa bei ya mkate na maziwa.
Nikamimina kiganjani.
Nusu vumbi. Vichwa vimepukutika,
na ndani yake, Mungu nisamehe, makonyo!
(Kesi ya mvinyo nitaijibu siku nyingine.)
Mimi mzaliwa wa Wete,
msimu wa kuchuma nilikosa shule nikachambua jamvini,
karafuu huku, makonyo kule,
vidole vikinuka hadi ndani ya usingizi.
Baba angekirudisha kichupa hiki
na maneno matatu ambayo siyaandiki.
Nikaanza kuchambua. Glenys akaona haya ya bure,
akavaa miwani, akachambua nami
juu ya gazeti la juzi,
juu ya uso wa diwani anayetabasamu.

Mvinyo ukaingia sufuriani, gu, gu, gu.
"Usichemke," akasema. "Emrys aliukaripia moto:
nataka utoe jasho tu, usichemke!"

Mvuke ukapanda. Hapo ikaanza kazi yangu.
Nikainama, nikafumba macho.
Chungwa limetangulia, lina kiherehere.
Mdalasini bado uko mlangoni, unavua viatu.
Karafuu haijasema.

"Onja."
Akaonja. "Bado si wake."
Nikatia asali, nikanusa, akaonja.
Karafuu ya nane. Ya tisa.
Pua yangu, ulimi wake,
tunapapasa ukuta mmoja gizani,
kila mtu na upande wake.
Dirishani mvua ya Merthyr,
ile isiyonyesha wala isiyokoma,
mlima umekwenda nayo.

Ya kumi na nne. "Bado."
Ya kumi na sita akasita, akalamba kijiko mara mbili.
Ya kumi na saba akakiweka chini.
"Nyingi mno," akasema.
"Kila mwaka nilimwambia, Emrys, ni nyingi mno."
Akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia meza
iliyokuwa safi.

Haikuwa moja wala saba.
Zilikuwa zote mbili, zimekaa pamoja.

Saa moja usiku mlango haufungiki.
Gethin wa nyumba ya tisa hakuvua hata koti.
Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda,
akautazama mlango wa jikoni
kana kwamba kuna mtu atatoka.
Akatoka Glenys, na kijisufuria kingine kidogo,
maji ya tofaha, kijiti cha mdalasini,
karafuu nimezihesabu: saba.
"Hiki chako," akanambia. "Nimekipika mwenyewe. Kimechemka, samahani."

Kilikuwa kimeungua kidogo chini.
Nilikimaliza.

Makonyo nimeyafunga kwenye kipande cha gazeti,
yako mfukoni mwa koti.
Sijui ya nini.
Kwetu hata makonyo yana mnunuzi.