Tonge

Miaka thelathini na minne
nilimhesabia Zablon matonge.
Mimi nimemaliza, watoto wamemaliza,
masufuria yameoshwa, yamekauka,
yeye bado analisindikiza la tano kwa maji,
kidevu juu kidogo, kama kuku anywapo.
Nikasema: umeuchoka mkono wangu.
Nikasema: cha mama yako kilitiwa nini?
Alipenda mrenda kuliko nyama;
nikadhani ni ubahili.
Siku moja nilimwondolea sahani.
Hakusema neno. Alichukua jembe.

Mwezi huu kifua kimembana kwenye kilima cha Mbale,
kikapu cha majani ya chai mgongoni,
tukateremka hadi Kisumu.

Daktari Akelo aliingilia kifundo cha mkono wa kulia
kwa waya mwembamba kama ndevu za hindi.
Mlangoni mimi, na mkoba, na viatu vyake.
Nusu saa. Saa.
Waya ulikataa, aliniambia baadaye.
Ukipita bega unateremka kusikotakiwa,
kama mgeni aliyeelekezwa njia ya zamani.
Hakuulazimisha.
Akauvuta, akaziba tundu, akahamia kushoto,
akaanza upya
mpaka pale palipobana,
akavimbisha puto,
akaacha kitenga cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele,
kishikilie ukuta.

Jioni akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa.
Huu moyo. Huu mshipa mkubwa.
Kwa watu wengi, unaokwenda mkono wa kulia
hutangulia kuchipuka, hapa.
Wa mzee umechipuka mwisho, upande wa kushoto,
ukavuka nyuma ya njia ya chakula
kuufuata mkono wake.
Alizaliwa hivyo. Kilichomwangusha ni mafuta ya moyoni,
si huu.
Kisha, kalamu bado hewani:
"Mama, chakula humeza vizuri?"

Niliitazama karatasi.
Mstari mmoja wa wino
ukipita nyuma ya koo la mume wangu,
ukibana kidogo, kidogo tu,
tangu titi la mama yake.

Saa moja usiku wakaleta ugali na kabeji.
Alikula kwa mkono wa kushoto, kitambaa kikiwa kwenye wa kulia,
hapana, vyote viwili vilikuwa na kitambaa,
nilimkatia mimi.
Tonge. Maji. Kidevu juu.
Wodi nzima ilikwisha kula.
Muuguzi akaja na toroli, akanyoosha mkono.
Nikaifunika sahani kwa kiganja.
Mwache, nikasema.
Bado anakula.