Vijiti Saba

Tulitoka Mabela kabla ya adhana ya alfajiri,
sisi wanne na gari la shemeji yake Mundhir,
lenye harufu ya udi na ya ndala zilizolowa.
Badriya alishika daftari. Kachora safu tatu:
chakula, bei, alama juu ya kumi.
Wekesa alishika tumbo. "Mimi nimefunga tangu jana," akasema,
"nisije nikawaaibisha."

Nizwa hatukuteremka. Huku unapiga honi tu,
chai ya karaki inakuja yenyewe, mbio,
kwenye kikombe cha karatasi kinachochoma vidole.
Mkate wa rakhali, mwembamba kama risiti,
yai juu yake, jibini, chipsi zilizopondwa kwa kiganja.
Badriya aliandika saba. Mundhir akasema tisa.
Wakazozana mpaka Adam.

Baada ya Adam hakuna cha kuzozania.
Jangwa limelala chali, halina mto wala shuka.
Kamera ya mwendo. Ngamia mwenye dharau.
Kamera nyingine.
Wekesa akapangusa kioo kwa mkono wa shati:
"Nchi gani hii, Wahindi tele,
hindi la kuchoma hata moja!"
Tulicheka hadi tairi likapasuka,
karibu na Ghaba, saa saba mchana,
na jeki iko Mabela, nyuma ya mlango wa shemeji.

Kwa hiyo Haima tuliingia usiku, midomo imekauka,
na nyuma ya kituo cha petroli tukaona moshi.
Kijana wa Kibulushi, Durmuhammad, jezi imetoboka begani,
anapepea makaa kwa kifuniko cha boksi la maji.
"Mishkak?" akauliza.
"Mishkaki!" Wekesa akaruka kama aliyeitwa kwao.
"Ndugu yangu, umepungukiwa irabu.
Chukua hii *i* yangu, nakukopesha."
Mundhir alitafsiri alivyoweza.
Durmuhammad akaionja ile *i* ulimini,
akaitikia kwa kichwa, akageuza nyama.

Sijui niseme nini kuhusu ile nyama.
Ukwaju ulitiririka mpaka kwenye viwiko.
Tulikula tumesimama, tumeegemea boneti lenye joto,
malori ya Salala yakipita na kututikisa mifupa,
hakuna aliyesema saba wala tisa.
Bei hapo huhesabiwa kwa vijiti:
kila kijiti baisa mia.
Durmuhammad alivikusanya, akahesabu mara mbili:
thelathini na vitatu.
Akatutazama. Akahesabu tena.
Wekesa alikuwa anaangalia nyota,
uso wake mtulivu kama wa mtoto wa chuoni.

Salala kulikuwa na manyunyu, madafu,
nyama iliyochomwa juu ya mawe, ukungu mpaka magotini.
Picha tunazo.
Ninachokumbuka mimi ni Thumrait, wakati wa kurudi,
tumesimama kujaza mafuta,
Wekesa akisema, kama anayetaja bei ya maji,
kwamba hospitali haikumwongezea mkataba.
Jumanne tulimpeleka uwanja wa ndege.
Boksi la tende lilizidi kilo mbili.
Alizila nyingine palepale kwenye foleni.

Juzi Mundhir aliosha gari,
akainua zulia la kiti cha nyuma:
vijiti saba, vimefungwa kwa mpira wa pesa,
sisimizi washavimaliza.
Tulimpigia. Kule Bungoma mvua ilikuwa inapiga bati,
alicheka tukadhani simu imeharibika.
"Mlipeni mtu wa watu," akasema mwishowe,
"lakini mtoe kwanza ile irabu yangu."

Deni ni baisa mia saba.
Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita elfu,
na gari la shemeji hatupewi tena.
Badriya kalitafuta daftari,
kafungua ukurasa wa Haima, usioandikwa kitu,
una alama ya dole gumba tu, ya ukwaju.
Kwenye safu ya bei ameandika:
bado.